Mji Nilioufuta kwa Raba

Iko Jumapili moja ya mwezi wa saba ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu Neema, na leo imenirudia nzima nzima kwa sababu yako.

Karatasi yako ya safari nimeipata. Nimeitandaza mezani, nimevaa miwani, nimeisoma toka juu hadi chini. Torino, Lucca, Siena, Assisi, Ravenna, Verona, siku kumi, kila mji na rangi yake, kila mlo na saa yake, na mimi mzee wako umenipangia hadi dakika za kujinyoosha baada ya chakula cha mchana. Nimecheka mpaka machozi yamenitoka. Wewe ni mwanangu kweli, hakuna haja ya kupima damu! Kisha nikaacha kucheka, nikaenda kukaa dirishani. Karatasi kama hiyo niliwahi kuichora mimi, kwenye meza hii hii ya jikoni hapa Woluwe, Brussels, ukiwa na miaka minane, na nusura nimrudishe bibi yako Iringa bila kukipata kitu kimoja tu kilichomtoa kwake. Hebu kaa nikusimulie. Ulikuwepo, najua, lakini muda mwingi ulikuwa chini ya meza na wanasesere wako, na mengi yalisemwa juu ya kichwa chako.

Miaka ile ya tisini nilikuwa kijana wa miaka thelathini na sita na nilijiona nimefika. Kazi yangu ilikuwa kupanga zamu za wasafishaji katika majengo ya ofisi kule Schuman. Nilikuwa na rula, penseli za rangi na raba nyeupe, na kwenye karatasi zangu kubwa za miraba nilijua nani anaanza saa kumi na moja alfajiri ghorofa ya tatu na nani anashika ufunguo wa stoo ya sabuni. Mtu akiumwa namfuta, naandika mwingine, kazi inaendelea. Wakubwa walinisifu. Sifa zikanilevya, nikaanza kuipanga na nyumba yangu vivyo hivyo, nani anaoga saa ngapi, nani anatoa takataka. Mama yako alikuwa akiniambia, "Baba Neema, mimi si ghorofa ya tatu." Nilidhani anatania.

Bibi yako nilikuwa nimemwalika miaka na miaka. Kila nikimpigia simu pale parokiani jibu lake lilikuwa moja: "Nije nifanye nini huko kwenye baridi? Njoo wewe." Halafu mwaka ule nikamwambia, kwa kujisifu tu, kwamba siku hizi viza ya Ubelgiji inakufikisha mpaka Italia, unaendesha gari lako na hakuna wa kukuuliza. Kisha nikasikia, "Italia? Kwa gari?" Nikasema ndiyo. "Basi nitakuja, baba."

Nikafurahi sana. Kazini nikawatangazia kwamba mama yangu anapenda mambo ya kale. Sikujiuliza mama aliyelima mahindi maisha yake yote zile nguzo za Warumi amezipendea wapi. Ndiyo akili ya ujana hiyo, inasikia inachotaka.

Alifika mwezi wa sita, viza ya miezi mitatu, na sanduku moja na kikapu kidogo cha nyasi za milulu, kile cha kwetu chenye kifuniko, kimefungwa kwa uzi. Sanduku lilijaa ulezi na asali yetu. Kikapu akakiweka juu ya kabati la chumba mlicholala naye. Siku hiyo hiyo ulipanda kiti ukifungue. Bibi yako, ambaye sijawahi kumwona akimpiga mtoto, alikuchapa kikofi kidogo cha mkononi, akasema, "Hicho kina mwenyewe." Ulilia, akakubembeleza, akakupa asali, na habari ya kikapu ikaishia hapo.

Sasa hiyo Jumapili. Tumetoka kanisani, mama yako yuko zamu hospitalini, wewe uko chini ya meza, mimi nimetandaza ramani ya Italia na karatasi yangu ya miraba. Bibi yako amekaa mbele yangu anachambua mchele. Nilishamwambia mara ngapi kwamba mchele wa huku hauna mawe, akanijibu kwamba mikono yake haijui hilo. Nami natia rangi. Siena nyekundu, Ravenna buluu kwa ajili ya zile picha za vigae makanisani, Verona zambarau. Nimeingia Italia saa sita mchana, nimeshapita Torino saa nane, sijasimama hata kununua maji.

"Italia hiyo ni kubwa, baba?" akauliza.

"Kubwa, mama, lakini nimeibana."

Akachambua kidogo. "Na hao masista wa kwao wanakaa upande gani?"

"Masista wako kila mahali, mama. Huko ndiko wanakotoka!" Nikacheka peke yangu.

Akafungua fundo la khanga yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama stempu, akaikunjua, akaisogeza mbele yangu kwa kidole. Mwandiko ulikuwa wa katibu wa parokia. Sista Agnese, nyumba ya masista wazee, na jina la kijiji nisichokuwa nimewahi kukisikia, Roccamela. "Huyu alikuwa hospitali ya misheni zamani," akasema. "Sijui kama ni karibu na mtakakopita."

Nikakitafuta kwenye ramani. Kilikuwa nukta isiyo na hata alama ya kanisa, kwenye vilima mbali na barabara kuu ya Torino. Nikapima kwa rula: saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, na salamu za Kihehe unazijua zilivyo, haziishi kabla ya chai. Kwa heshima tu nikakiandika kwa penseli kwenye mraba wa siku ya pili. Hapo hapo nikaona Ravenna imesukumwa, na ikisukumwa Ravenna, Verona inatoka nje ya karatasi. Nikachukua raba.

"Tutaona, mama, muda ukiruhusu," nikasema, nikafuta.

Bibi yako aliitazama ile raba inavyokwenda na kurudi. Nilipomaliza, akanyoosha mkono, akavikusanya vile vipande vyeusi vya raba mezani, akavitia kiganjani vyote, akainuka akavitupa. "Haya, baba," akasema, akarudi kwenye mchele wake. Na mimi mpumbavu nikaichukua ile "haya" kuwa ni kukubali.

Tangu siku ile akapoa. Chakula anagusa tu. Nikisema "Mama, vipi?" ananijibu "Salama." Mimi nikasema ni hewa, nikamnunulia vitamini. Mtu pekee aliyekuwa akimchangamsha ni Maman Furaha, yule wa ghorofa ya chini, unamkumbuka, aliyekuwa akikusuka nywele na kumwita bibi yako Koko. Mkongo wa Bukavu, alikuja kama mkimbizi, na wakati ule kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee kwenye makao yao. Kiswahili chake na cha bibi yako vilikuwa vikigongana kila siku. Mmoja anasema "kiti kile", mwingine anasema "kiti ile", wanacheka, wanaendelea kumenya viazi. Waliketi pamoja mchana kutwa, na mimi nilidhani wanapiga soga.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kuondoka, Maman Furaha alipanda ngazi na sufuria la sombe, kisamvu cha kwao. Nikamfungulia mlango, nikamkaribisha. Akalitua sombe mezani, akanishika mkono wa shati, akanitoa hadi ngazini, akarudishia mlango nyuma yetu.

"Papa Neema, Koko alikuomba fasi moja tu mu ile safari. Ni kweli ulifuta?"

Nikaona ananiingilia. Nikamjibu vibaya, mwanangu, sitakuficha. "Maman Furaha, mambo ya kupanga niachie mimi. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Kupanga! Bon." Akaketi kwenye ngazi, akapigapiga nafasi pembeni yake mpaka na mimi nikaketi. "Sasa unisikilize, juu yeye hawezi kukuambia. Ameniambia kwenu kuko desturi. Mutoto mwenye aliponaka ku kifo, hawamuambiake ile habari mpaka wamupeleke kwanza kwa ule mwenye alimuponesha, amuone na macho yake. Ni vile?"

Ilikuwa vile. Katika ukoo wetu mtoto aliyeponea chupuchupu haelezwi habari yake hivi hivi. Kwanza anapelekwa kuonyeshwa kwa aliyemponya, mikono mitupu haiendi, na pale mbele ya huyo mtu ndipo mama anafungua mdomo na kuisimulia. Kabla ya hapo, mama kumsimulia mwanawe ni kukiita kifo kirudi. Nilikuwa nimeshuhudia watoto wa watu wakipelekwa na kuku na unga. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba na mimi nina deni la namna hiyo.

"Basi ule mutoto ni weye," akasema Maman Furaha.

Akanieleza yote pale ngazini, na majirani wanatupita na mifuko yao ya sokoni. Kwamba nilizaliwa wa miezi saba, wakati wa kipupwe, baridi ya Iringa unaijua. Kwamba mama alishikwa na homa kali, hana maziwa, hawezi hata kunyanyua mkono. Hospitali ile haikuwa na mashine ya kumtia mtoto joto. Sista Agnese, msichana bado, alinichukua akanitia kifuani pake ndani ya sweta lake la kijivu, akanifunga na kitambaa, akaendelea na kazi. Siku kumi na tisa alizunguka wodini na mimi kifuani, analala amekaa kwenye kiti. Kila akipita kitandani kwa mama yangu alitia mkono ndani ya sweta, akangoja kidogo, kisha akasema, "Anapumua." Mama katika homa yake hakusikia neno jingine kwa siku zote hizo. Alikuwa akilingoja hilo, akilisikia analala.

Nilipopata nguvu Sista alimpa mama lile sweta anivishe. Nikiwa na miezi mitatu mama akanibeba, akashika kuku, akatembea kwa miguu mpaka misheni kunionyesha. Akakuta chumba kimefungwa. Sista alikuwa ameugua mapafu, amerudishwa kwao juzi yake. Mama akarudi nyumbani na kuku wake na sweta lake na mtoto ambaye hajaonyeshwa. Miaka thelathini na sita, Neema. Na sweta lilikuwa juu ya kabati letu, ndani ya kile kikapu.

"Muntu muzima haombake mara mbili," akasema Maman Furaha. "Alikuomba mara moja, na weye ukachukua gomme. Alors unamupeleka ku bintu ya zamani ya batu bengine, na kintu yake ya zamani, ile moja, unafuta." Sauti yake ikabadilika. "Mie maman yangu iko Bukavu. Vita iko kule. Simu haipite. Ningekuwa na yangu mu jikoni kama weye, papa, ningemuuliza kila asubui: Maman, unataka twende wapi?"

Akafuta macho kwa aproni yake, akainuka, akaniambia sufuria nimrudishie limeoshwa, akashuka.

Nililia pale ngazini. Nasema wazi kwa sababu wewe hukuniona na ni vizuri ujue. Niliona aibu kuliko aibu yoyote niliyowahi kuipata, maana nilikumbuka vile vipande vya raba kiganjani kwa mama yangu.

Nilipoingia ndani sikuweza kumwambia chochote kati ya niliyosikia, desturi ilikuwa bado inamfunga. Nikachukua karatasi yangu kubwa, nikaitandaza mbele yake. Alikuwa anamenya chungwa.

"Mama, naona kuna mahali nimekosea."

"Wapi, baba?"

"Hapa Torino. Nimepita mbio." Nikafuta Ravenna. Nikafuta Assisi. Nikafuta Verona na zambarau yake yote. Kwenye mraba wa siku ya pili na wa tatu nikaandika kwa herufi kubwa, KWA SISTA.

Akaisogeza karatasi karibu yake. Kisha akauliza, "Na hao Warumi wako?"

"Watangoja, mama. Wamezoea."

Akacheka! Wiki tatu sijasikia kicheko chake. Akapangusa mikono, akaziangalia penseli zangu, akachagua ya kijani, akaanza kuipaka ile miraba miwili mwenyewe. Hakuwa amewahi kushika penseli ya rangi. Wewe ukachomoza kichwa toka chini ya meza, ukapiga kelele, "Bibi, umetoka nje ya mstari!" Naye akasema, "Niache nitoke, mama," akaendelea kupaka mpaka karatasi ikatoboka.

Njia nzima unaikumbuka, ulitapika mara mbili kabla hatujaimaliza Ufaransa na ukalala tulipopita ndani ya handaki lote la mlimani ambalo nilikuahidi kukuonyesha. Gari letu jekundu halikuwa na kiyoyozi. Bibi yako alikaa nyuma na wewe, kikapu mapajani, hakukiweka chini hata tuliposimama kula sombe. Nilipomwonyesha mahali tulipoingia Italia aliitikia kwa adabu tu.

Roccamela ni mtaa mmoja uliopanda kilima, na nyumba ya masista iko juu kabisa. Mlango ulifunguliwa na sista kijana aliyejua Kifaransa. Nikamweleza. Uso wake ukaingia huruma. Akasema Sista Agnese yupo, lakini amesahau. Hamjui mtu yeyote hata wenzake aliokula nao jana, na tangu Pasaka hajasema neno. Nikamtafsiria mama, na wakati namtafsiria nilikuwa nikijichukia, maana niliona laiti nisingefuta, laiti ningeuliza mwaka jana, au mwaka uliotangulia. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Hata akinisahau, nitakuwa nimefika," akasema. "Twende."

Alikuwa bustanini, kwenye benchi la ukutani, kibibi kidogo sana, bakuli la maharage mabichi mapajani. Vidole vyake vilikuwa vinamenya bila yeye kuviangalia. Bibi yako alituacha sote, akavuka nyasi peke yake, akapiga magoti mbele ya lile benchi.

"Kamwene," akamsalimia kwa Kihehe.

Vidole vikasimama. Wewe ulinishika suruali. Sista akainua uso pole pole, midomo ikacheza bila sauti, kisha sauti ikatoka, nyembamba, "Kamwene." Akarudia kwa nguvu zaidi, "Kamwene, kamwene!" Yule sista kijana akaweka mkono mdomoni.

Mama akafungua uzi wa kikapu, akatoa sweta la kijivu, limetobolewa na nondo na kushonwa mara nyingi, akaliweka juu ya maharage. "Sista, nimekuletea mtoto wako umwone. Nilichelewa, utanisamehe." Akaniita kwa mkono. Nikapiga magoti na mimi, mwanamume wa kilo tisini, na Sista akanitazama kama anavyotazama mtu anayesoma maandishi madogo. Akanyoosha mkono. Nilidhani atanigusa shavu. Mkono ulipita hapo, ukaingia kwenye kola ya shati, ukalala kifuani pangu, ukangoja.

"Anapumua," akasema Sista Agnese.

Mama yangu alilia kwa sauti, mwanangu, kilio ambacho kilikuwa kimekaa miaka yote ile. "Anapumua, Sista," akamjibu. "Anapumua." Na akiwa bado amepiga magoti, ameishika miguu ya Sista, akaisimulia habari yangu mwanzo mpaka mwisho, mimi nasikia, kama inavyotakiwa.

Tulikaa siku tatu. Masista walitupa vyumba, mama yako aliwasaidia kuwafunga wazee vidonda, bibi yako alimenya maharage na mwenzake. Sista hakusema mengi tena. Alilivaa lile sweta katika joto lile la mwezi wa nane na hakukubali livuliwe. Tulipoaga, masista walikijaza kikapu maharage makavu yenye michirizi myekundu ili kisirudi kitupu. Miji ya kale tuliiona miwili tu, tena mbio mbio, na viatu vyangu vipya vya kutembelea makumbusho vilirudi Brussels safi. Kabla ya Krismasi barua ilikuja kwamba Sista Agnese amepumzika na amezikwa na sweta lake. Bibi yako alikuwa ameshafika nyumbani. Nilipompigia simu kumwambia, akasema, "Nilimwahi, baba. Ahsante." Watu wa Iringa walipomuuliza Italia ikoje, alikuwa akiwajibu kwamba ni benchi moja na maharage mazuri sana. Aliyapanda. Mpaka leo shangazi yako anayavuna, na kila anayekuja huku huniletea konzi moja.

Sasa nisikilize, mwanangu. Karatasi yako ni nzuri, na miji ile inastahili kuonwa. Sikukatazi. Lakini kabla hujashika rula, waulize watu wako wanataka kufika wapi. Usiwaulize wote pamoja mezani, na penseli usiwe nayo mkononi. Muulize kila mmoja peke yake, mkiosha vyombo au mkikunja nguo, kisha nyamaza umsubiri. Mtu mzima akikuuliza kama mahali fulani ni mbali, jua ana shida na mahali hapo. Akikujibu "haya" huku anageuza uso, weka kazi chini umuulize tena. Mumeo muulize, watoto waulize, hata yule mdogo anayetaka aiskrimu tu, nayo iandike. Na acha miraba miwili mitatu bila rangi, usiogope weupe wake. Mimi nilikuwa naogopa nafasi tupu kuliko naogopa kumwumiza mama yangu, na hilo ndilo kosa langu ambalo sitaki ulirithi pamoja na penseli.

Na kwa upande wangu sitakusumbua kwa kunyamaza. Bibi yako alikuwa na desturi iliyomfunga mdomo. Wangu ulifunguliwa pale kwenye benchi. Kwa hiyo nasema wazi: siku yako ya pili, Torino, saa nane mchana, umeandika "kupita". Futa hapo. Nataka kwenda Roccamela. Nyuma ya bustani ya masista kuna kaburi lenye msalaba wa chuma, kikapu kipo hapa juu ya kabati na konzi ya maharage ndani, na nina wajukuu wawili ambao hawajaonyeshwa.

Mungu awatangulie barabarani, awafungulie njia na awarudishe wote mliotoka. Akupe sikio la kumsikia anayeona haya kuomba. Siku ukizeeka na wewe, watoto wako wakikaa kupanga safari, waje kwanza wakuulize. Na kila utakapoweka mkono kifuani pa uliowazaa, Neema mwanangu, ukute wanapumua.